Jina Miguuni pa Mchuma Zabibu

Katika bonde lote la mto Main hakuna aliyejua kuchonga mguu wa mtakatifu kumshinda Wika Rauschert wa Sommerleiten. Hayo aliyasema mwenyewe, kwa vidole vyake, mbele ya yeyote aliyejua kuvisoma. Kisha, kabla hujamaliza kuitikia kwa kichwa, aliongeza kwamba Mtakatifu Sebastiani wa kanisa la kule mlimani ana vidole sita katika mguu wa kushoto, kwamba siku ile alikuwa anawaza chakula cha mchana, na kwamba paroko hajagundua mpaka leo kwa sababu waumini wamekibusu kile cha sita kikaisha nusu.

Ukiacha kidole hicho, kazi yake haikuwa na doa. Alilijua hilo, na hakujisumbua kujifanya halijui.

Alizaliwa akisikia kama mtoto yeyote. Alipofika miaka minne homa ya vipele vyekundu ikamshika, na ilipoondoka iliondoka na masikio yake, kama mgeni anayebeba vijiko vya mwenye nyumba. Mama alilia. Baba, mzee Baptist, mwashi wa mawe ya makaburi, alikaa siku nzima akimtazama yule mtoto, halafu akasema kwamba katika karakana yake hakuna anayemsikia mwenzake tangu zamani kwa zile kelele za nyundo, kwa hiyo huyu ataanza kazi akiwa ameshaiva.

Wakampeleka kwanza shule ya viziwi, kwa masista. Huko walimfundisha kusoma midomo ya watu na kutoa sauti. Kusema kwa mikono kulikatazwa, na aliyekamatwa alikalishwa juu ya viganja vyake mpaka somo liishe. Wika alivikalia viganja vyake karibu utoto wote, na baadaye alikuwa akisema kwamba ndiyo maana vilitoka bapa na vipana, vizuri kabisa kwa kazi ya mawe, Mungu awabariki masista. Sauti aliyofundishwa ilitoka ikikwaruza kama tindo juu ya kigae, akaiweka akiba kwa ajili ya mbwa na wakusanya kodi. Lakini midomo aliijua. Kanisani aliketi pembeni, mahali pa kuwaona watu nyuso, akajua nani anasali na nani anahesabu kuku wake.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake, Korbinian. Hao wawili walijitungia lugha yao ya mikono tangu wadogo, chini ya meza, na ilikuwa na maneno ya kila kitu, hasa matusi. Korbinian alikuwa mtoto wa kupendeza, mwepesi wa kucheka, na mzembe wa kazi za mikono kupita kiasi. Baba alimpa tindo akiwa na miaka kumi, akajipiga kidole gumba. Baba akampa tena akiwa na miaka kumi na mbili, safari hii akapiga kidole gumba cha baba. Hakupewa tena.

Mzee Baptist alipofariki, kazi ikajigawa yenyewe. Wika alibaki karakana ya nyuma, nyuma ya ukuta mrefu, na Korbinian akakaa duka la mbele. Mmoja akawa mikono, mwingine akawa mdomo. Na ulikuwa mdomo kweli. Korbinian aliweza kumuuzia jiwe la kaburi mtu aliyeingia kuuliza njia. Alifuga masharubu makubwa kama ufagio wa jikoni, yakafunika midomo yote miwili, hata supu ilipita kwa kubahatisha. Ndiyo kusema Wika aliweza kusoma midomo ya mji mzima isipokuwa wa ndugu yake. Kwake alitegemea mikono, na mikono ya Korbinian ilisema yale Korbinian aliyotaka iseme.

Ikaja ile miaka mibaya, ambapo mabwana waliovaa buti walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kiziwi, nani kipofu, nani ana kifafa. Waliowapata waliwapeleka hospitali wakawakata uzazi, na wengine hawakurudi kabisa. Korbinian aliwapokea mlangoni kwa divai na soseji. Aliwaambia mchongaji wa nyumba ile ni yeye, na yule mwanamke mwenye vumbi kule nyuma ni dada yake tu, mtu wa maneno machache. Aliwaambia hivyo mwaka hadi mwaka, huku akitokwa jasho chini ya masharubu, wakanywa wakaondoka. Wika hakulisahau hilo. Ulikuwa uongo mzuri, koti la kumfunika mtu wakati wa baridi.

Ila baridi iliisha. Mabwana wa buti walikwenda zao, na Korbinian akabaki amelivaa lile koti yeye mwenyewe, kwa sababu lilimkaa vizuri. Hilo Wika hakulijua. Aliwaona wateja wakimwambia ndugu yake kwamba kazi ni nzuri, na hakushangaa, kwani mteja humsifia mwenye duka. Majirani nao walisikia nyundo ikilia nyuma ya ukuta wakati Korbinian yuko kilabuni anakunywa. Labda walidhani dada mtu anafagia kwa nyundo.

Mabomu yalikuwa yamewakata vichwa watakatifu wa bonde zima, na baada ya vita Wika aliwapa vichwa vipya. Bikira Maria wa njia panda ya mashamba ya mizabibu, Mtakatifu Kiliani wa darajani, malaika wa makaburini wasio na idadi, wote walipita mikononi mwake. Alitimiza miaka hamsini na minane akiwa ameujaza mto ng'ambo zote mbili, na hapakuwa na jiwe hata moja lililobeba jina lake. Alikuwa amemuuliza Korbinian kuhusu hilo tangu zamani. Korbinian alimjibu kwamba watakatifu hawapendi majina ya watu miguuni mwao, na Wika akaona ina maana, maana hata yeye asingependa.

Halafu baraza la mji likaagiza sanamu ya kisima cha sokoni, kwa sababu ile ya zamani ilivunjwa na bomu. Walitaka mchuma zabibu. Wika akachagua jiwe la mchanga la rangi ya kijani, akaifanya kazi hiyo majira yote ya baridi na ya machipuko. Alimchonga mwanamke mnene mwenye kapu la zabibu mgongoni, mguu mmoja mbele, mdomo wazi katikati ya kicheko. Alipomaliza mdomo ule alikaa chini, akala mkate mweusi na kitunguu, akautazama, na akajua kwamba hajawahi kufanya kitu kama kile na huenda hatafanya tena. Safari hii alitaka jina. Huyu hakuwa mtakatifu. Akamtuma Korbinian akaliulize baraza. Korbinian alirudi akainua mabega: wamekataa, wanasema kisima ni cha wananchi wote.

Wika hakubishana. Lakini pale chini, mbele ya mguu, aliacha ukanda wa jiwe laini usio na kitu, kama mtu anayeweka kiti cha ziada mezani.

Sasa, mapenzi yakaingia. Korbinian, na umri wake wote huo, alianza kumfuata Babett, mjane wa mwoka mikate, mwanamke wa mikono myeupe na maneno yasiyozunguka. Babett alimwambia kwamba yeye ni mtu mzima na anaweza kumbusu mwanamume, lakini ufagio hatabusu. Asubuhi iliyofuata Korbinian alitoka bafuni bila masharubu. Midomo yake ya miaka thelathini na zaidi gizani ilikuwa myeupe kama kitako cha mtoto mchanga. Wika alicheka mpaka akashika ukuta, akamwambia kwa mikono kwamba amefanana na yai lililomenywa. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo, wala yeye.

Siku chache baadaye diwani wa mji, Bwana Dietz, alikuja kuitazama sanamu, na Babett akaja naye, kwa sababu Korbinian alikuwa amemwambia aje. Wika alikuwa uani. Kwa bahati mbaya, wakati huo alikuwa ameshika ufagio kweli. Walisimama mbele ya mchuma zabibu, nyuso zao zikiangalia upande wake na jua likiwapiga usoni. Korbinian hakumtazama hata mara moja, kwa mazoea ya miaka mingi ya kutokuwa na haja ya kumtazama.

"Bwana Rauschert," diwani alisema, "huyu mama anacheka mpaka na mimi nataka kucheka. Una mikono ya dhahabu."

"Ni kipaji tu, mheshimiwa," midomo ya Korbinian ikasema. "Mimi hulisikiliza jiwe. Likisema piga, napiga."

Wika alisimamisha ufagio.

"Na dada yako anakusaidia?" Babett aliuliza.

"Huyu? Maskini wa Mungu. Anafagia, anapiga msasa. Nampa kitu cha kufanya asijione hana maana."

"Una moyo mzuri, Korbi," alisema Babett, na akamshika mkono.

Diwani akauonyesha ule ukanda laini chini ya mguu. Alisema baraza limeshamwomba mara mbili akubali jina lake liwekwe pale, na yeye anakataa kwa unyenyekevu. Sasa basi, safari hii hawatamkubalia. Jumanne mpiga picha wa gazeti atakuja kutoka Würzburg, na wangependa bwana mchongaji alichonge jina lake mwenyewe mbele ya watu, hapahapa uani, kabla sanamu haijahamishwa. Korbinian aliutazama mlango wa ua. Wika alimwona akiutazama. Lakini Babett alikuwa anamtazama kwa macho yanayong'aa, na mwanamume mwenye midomo mipya hakuweza kusema hapana.

"Mkinilazimisha," alisema.

Wika akaendelea kufagia. Alifagia sehemu ileile mpaka wakaondoka.

Miaka mingi nyuma, ndugu yake alikuwa amemwokoa kwa maneno hayohayo, na hilo lilikaa kifuani mwake bega kwa bega na hasira, havisukumani wala havitoki. Aliwaza kumwandikia diwani. Aliwaza pia yatakayofuata: Korbinian atasoma, atatikisa kichwa kwa huzuni, atasema dada yangu anazeeka vibaya, na watu watauamini mdomo kama walivyouamini siku zote. Hapana. Aliyelifunga fundo hilo kwa mdomo alifungue kwa mdomo, na mji uone. Wika alitaka jina lake kwenye lile jiwe, basi, na alitaka lipande pale kwa haki, bila kulia wala kuomba.

Jioni, mezani, alimpa ndugu yake nafasi. Alimuuliza kwa mikono diwani amesema nini.

"Amependa sana," mikono ya Korbinian ilijibu. "Amesema mikono ni ya dhahabu."

"Ya nani?"

"Ya nyumba hii, dada. Ya nyumba hii." Akajikatia soseji. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaeleza kwamba baraza limebadili mawazo. Wanaruhusu jina, lakini jina la duka tu, ndiyo sheria, yaani K. Rauschert. Ingekuwa vizuri dada alichonge kabla ya Jumanne, kimyakimya, halafu yeye Jumanne atagonga-gonga kidogo mbele ya mpiga picha, kwa ajili ya picha.

"Na W?"

"W haimo kwenye sheria."

Wika alimtazama ile midomo myeupe. Aliona inatetemeka kidogo pembeni, akakumbuka kwamba hata alipokuwa na miaka sita akaiba jamu ilitetemeka hivyohivyo, kabla haijafunikwa. Akamjibu kwa upole kwamba haiwezekani. Mvua ya juzi imeingia kwenye jiwe pale chini, halijakauka, na herufi zikichongwa kwenye jiwe bichi zitamomonyoka kama keki. Mpaka Jumanne asubuhi, labda. Na ili asiwe amesema uongo, alilimwagia jiwe lile ndoo ya maji kila siku alfajiri.

Korbinian alianza kukonda. Aliingia karakana mara kwa mara, akaligusa jiwe, akakuta limelowa, akatoka. Siku moja Wika alimkuta nyuma ya banda na kipande cha jiwe, anajaribu kuchonga herufi K. Ilifanana na ngazi iliyoanguka. Wika alirudi nyuma taratibu asije akaonekana, kwa heshima.

Jumapili Korbinian akapata jawabu. Alitoka chumbani kwenda kanisani na mkono wa kushoto umezungushiwa kitambaa kinene mpaka kwenye kiwiko. Alichagua wa kushoto kwa hekima yake mwenyewe, kwani kwa wa kulia huinua glasi. Baada ya misa, mbele ya mlango wa kanisa, aliwaeleza diwani na Babett kwamba bonge la jiwe limemwangukia, mifupa imesagika, daktari hana la kufanya ila kungoja. Diwani alishika kichwa. Mpiga picha ameshaagizwa. Babett alikuwa na machozi. Kilabuni mchana ule alimkatia soseji vipande vidogo kama vya mtoto, akampulizia viazi. Wika, aliyeketi mbele yao, aliona kila neno na kila kipande.

Na Korbinian, midomo ikiwa na mafuta ya soseji, akalitoa pendekezo lake. Dada ana mkono wa kutosha kufuata mstari. Jumanne dada atapiga nyundo, na yeye bwana mchongaji atasimama kando amwelekeze kwa ishara, herufi kwa herufi. Itakuwa hata picha nzuri zaidi, alisema, ya kugusa moyo. Diwani akakubali kwa furaha.

Kisha akamgeukia Wika na kumwambia kwa mkono ule mmoja mzima, uso umejaa ukarimu: "Dada, nimekupigania mpaka wamekubali. Wewe ndiye utakayechonga, mbele ya watu wote."

"Nichonge nini?"

"K. Rauschert."

Wika aliinua glasi yake akamnywea afya njema. Ndani yake kitu kilikuwa kimeshakaa sawa, kama tindo inapopata mshipa wa jiwe na kujua pa kwenda.

Jumatatu Korbinian alisherehekea. Hofu ilikuwa imemtoka, na divai ikaingia mahali pake. Jumanne asubuhi Wika alimkuta amelala kwenye kiti kando ya jiko, kichwa nyuma, mdomo wazi, mikono yote miwili inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Alimtazama kidogo. Alikuwa mzuri bado, huyu mdogo wake. Akapiga magoti, akaufungua kitambaa mkono wa kushoto, akakikung'uta, akauzungushia wa kulia, kwa ustadi, mpaka kwenye kiwiko, na kukifunga fundo lilelile.

Mchongaji yeyote, hata akiamka amelewa, angelijua kosa hilo kabla hajafungua macho. Mkono wa nyundo na mkono wa tindo haifanani zaidi ya mume na mkewe wanavyofanana. Korbinian aliamka, akakiona kitambaa, akaridhika kwamba kipo, akanywa kahawa kwa mkono uliokuwa wazi, akavaa koti la Jumapili.

Watu walijaa uani. Alikuwepo mpiga picha na mashine yake ya miguu mitatu, diwani na mnyororo wake wa sherehe, majirani, na Babett na sinia la keki ya vitunguu iliyokuwa bado ya moto. Mchuma zabibu aliwacheka wote kutoka juu. Wika alikuwa amevaa aproni safi. Jiwe lilikuwa kavu, kwani alikuwa ameacha kulimwagia maji tangu Jumapili. Alipiga goti mbele ya ukanda ule laini, akatoa kipande cha mkaa na kuandika kwa mistari mirefu iliyonyooka, kama alivyowaandikia wafu wa bonde zima, herufi ya kwanza. Ilikuwa W.

Watu wakasogea. Diwani akainamisha kichwa upande mmoja.

"W?" aliuliza.

"Hajui kusoma vizuri, maskini," Korbinian alisema haraka. "Ataifuta. Mimi nitamwelekeza. Tuanze kwanza na afya njema ya kisima, mheshimiwa, halafu kazi."

Ilikuwa hoja nzuri, na hakuna mtu wa Sommerleiten anayeipinga hoja ya namna hiyo. Divai ikamiminwa. Korbinian akachukua glasi yake iliyojaa hadi ukingoni, akaiinua kwa mkono wa kulia, kama siku zote, juu kuliko wote, akasema maneno mazuri kuhusu maji na zabibu na jasho la msanii, akainywa yote, akaipindua kuonyesha haina tone. Mpiga picha alimpiga picha akiwa hivyo, glasi juu, kitambaa cheupe kiking'aa kwenye jua.

Babett hakunywa. Alikuwa ameweka sinia chini.

"Korbi," alisema, bila kupandisha sauti, "huo mkono ulioinulia glasi ndio uliopondwa?"

Korbinian akautazama. "Ndio huu. Unauma sana, mpenzi. Najikaza tu."

"Juzi nilikukatia soseji. Mkono ulioumia ulikuwa wa kushoto."

Uani pakawa kimya. Wika hakuwa na haja ya kusikia kimya hicho, alikiona, midomo yote imeacha kutafuna. Korbinian aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni wawili.

"Yalianguka mawe mawili," alisema.

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Babett hakucheka. Diwani Dietz aliweka glasi yake juu ya ukingo wa jiwe, polepole, akaitazama ile W iliyonyooka, akamtazama mwanamke aliyepiga goti mbele yake, vumbi la miaka arobaini katika mikunjo ya vidole vyake, kisha akarudi kwa Korbinian.

"Bwana Rauschert, nisamehe, mimi ni mtu wa ofisi tu, sijui kazi hizi. Ukichonga, nyundo unaishika kwa mkono upi?"

Korbinian aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa watoto chini ya meza, yeye ndiye aliyemtazama Wika mikononi, akingoja vidole vya dada yake vimwambie la kusema.

Wika akaitia mikono yake yote miwili mifukoni mwa aproni.